Mkate Chini ya Mretemu



Je, ni upungufu wa imani kumsaidia mtu mwenye huzuni ya moyo kwa chakula, usingizi na matembezi? Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba taabu za moyo huponywa kwa sala na Neno peke yake. Mtu akitaja uji wakati wa maombi, twaona kama ametushusha kutoka madhabahuni na kutupeleka jikoni.

Hatuna budi kukiri kosa letu. Wakati fulani tulimwendea mama mmoja mjane aliyekuwa ameacha kuja kanisani. Tulimkuta mchana ameketi kitandani, madirisha yamefungwa. Tukaimba, tukasoma Zaburi, tukamwombea kwa muda mrefu, tukamhimiza azidi kuamini, kisha tukaaga. Hakuna hata mmoja wetu aliyetazama mafigani. Jirani yake, ambaye si wa kanisa letu, ndiye aliyegundua kwamba kwa majuma mengi mama yule aliishi kwa chai ya rangi tu, na usiku hakupata usingizi. Sala zetu hazikuwa mbaya. Lakini tulimwacha na njaa ile ile, tukamwongezea na mzigo mwingine: kudhani kwamba anaumwa kwa sababu imani yake ni ndogo.

Laiti tungalikumbuka habari za nabii Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19! Baada ya ushindi mkubwa mlimani Karmeli, Yezebeli alimtishia, naye akakimbia. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Mungu alimtendeaje? Hakumkemea, wala hakuanza kwa mahubiri. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Eliya akala, akalala tena. Malaika akamgusa mara ya pili, akamlisha tena, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Ndipo alipotembea siku arobaini hata Horebu, na huko Mungu akamwuliza habari za moyo wake. Na tuutazame utaratibu huo: usingizi, mkate, mwendo, ndipo mazungumzo. Mwenyezi Mungu hakuona haya kuanza na tumbo la nabii wake.

Wataalamu nao wameona jambo hili kwa njia yao. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika majimbo ya kusini ya Marekani, watu maskini waliokula hasa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na asali ya miwa walipatwa na ugonjwa uitwao pelagra. Ngozi ilibabuka, tumbo likaharisha, na mwishowe akili ikavurugika. Wengi walifungiwa katika hospitali za wagonjwa wa akili. Watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Lakini kuanzia mwaka 1914 daktari Joseph Goldberger aliona kwamba wauguzi waliokaa na wagonjwa hao hawakuupata. Akaagiza watu wapewe maziwa, mayai, nyama na kunde, na ugonjwa ukatoweka. Kumbe waliokuwa wakihesabiwa wendawazimu walikuwa na njaa ya chakula cha namna fulani! Mwaka 1990 ugonjwa huo huo uliwapata maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, baada ya karanga kukosekana katika posho yao ya mahindi. Sisi tulao ugali kila siku tusiyapuuze maharage, karanga, dagaa na mboga za majani.

Kuhusu kuutumikisha mwili pia kuna ushahidi. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa habari za watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliougua ugonjwa wa huzuni, uitwao sonona. Wengine walipewa dawa, wengine mazoezi mara tatu kwa juma, wengine vyote viwili. Waliopewa dawa walipata nafuu mapema zaidi, lakini baada ya majuma 16 makundi yote matatu yalikuwa karibu sawa. Na tukumbuke kwamba mazoezi yale waliyafanya pamoja, chini ya msimamizi. Hakuna aliyeachwa ajitegemee peke yake.

Hapa yafaa tujihadhari na kosa la pili. Tukiisha kuacha kumwambia mgonjwa, "Huombi vya kutosha," tusianze kumwambia, "Huli vizuri, wala hutembei." Hiyo ni hukumu ile ile iliyobadilishwa kanzu. Wako wanaokula vema na kulima kila siku, hata hivyo huzuni yawaandama. Hao wapelekwe hospitali, na mwenye dawa asiziache kwa kuwa amesoma makala hii. Tena ugonjwa wenyewe humwondolea mtu nguvu ya kupika na ya kuinuka. Kumwamuru aliye katika hali hiyo ajipikie ni sawa na kumwamuru aliyevunjika mguu akimbilie kwa mganga.

Basi wajibu huu ni wa nani? Eliya hakuoka mkate ule mwenyewe. Aliletewa, tena akaguswa, tena mara mbili. Katika Imani ya Mitume twakiri ufufuo wa mwili. Na Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Ikiwa ndivyo, kumpelekea mgonjwa bakuli la maharage si kazi ya chini kuliko kumwombea. Ni sala iliyotiwa mikono na miguu.

Jirani wa mama yule alifanya hivyo bila kutangaza. Kila asubuhi alileta uji wa ulezi, akaketi hata bakuli likawa tupu. Baada ya muda akamwomba amsindikize kisimani, kisha shambani. Hatusemi kwamba mama amepona kabisa. Ziko siku ngumu bado, na dawa za hospitali anaendelea nazo. Lakini figa zake zina moto, na Jumapili kadhaa tumemwona kwenye kiti chake.

Wapendwa, tunapokwenda kuwatazama wenye huzuni, tuchukue Biblia zetu, na tuchukue kikapu pia. Tukimaliza kuomba tusiharakishe kuaga. Tuwashe moto, tupike, tule pamoja, kisha tumwombe ndugu yetu atutoe hata njia panda. Mungu aliyemlisha mtumishi wake jangwani atupe macho ya kutazama mafiga ya jirani zetu. Amina.