Neno Likishatoka Kinywani

Watu wengi hudhani kwamba katika mchezo wa kuigiza wenye mwisho wa huzuni, kinachotushika roho ni vita, damu na kitanzi. Mimi naona sivyo. Kilele cha mchezo mzuri mara nyingi hakina kelele. Hufika pale mtu mmoja anapojua jambo ambalo wenzake hawalijui, na ikawa kulisema ni hasara na kulinyamazia ni hasara.

Mfano tunao hapa hapa kwetu. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi wa mwaka 1943, alitoa tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969. Habari yake ni Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905 katika milima ya Matumbi, wilayani Kilwa, watu walipong'oa pamba ya Mjerumani huko Nandete.

Katika tamthilia hiyo, Kinjeketile anatoka mtoni na maji ya dawa, na makabila yaliyokuwa yakitengana yanakuwa kitu kimoja. Baadaye anakuja kutambua maneno aliyoyatamka akiwa amepagawa: kwamba Mjerumani atatoka, nao watakuwa watoto wa Seyyid Said. Kumtoa bwana mmoja ili kuingia kwa mwingine! Hapo shaka inamwingia.

Hakuna bunduki iliyolia. Lakini tangu hapo kila shangwe ya watu inatuuma, kwa kuwa sisi tunajua na wao hawajui. Wanadai vita, yeye anawaambia wangoje. Neno si lake tena. Akilikana, umoja utavunjika; asipolikana, watu wataziendea risasi wakiyaamini maji.

Kinjeketile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vimeanza. Mwandishi amempa uhai mrefu zaidi, ili ayaone mavuno ya neno lake. Na mavuno yale yalikuwa mazito: makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Mwishoni, akiwa mfungwa, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, asije akawanyang'anya watoto watakaozaliwa kile walichopigania wazee wao.

Nilipoisoma tamthilia hii shuleni nilimhesabu shujaa tu. Siku hizi nasita, maana nami niliwahi kusimama mahali kama pale. Mama alipokuwa mgonjwa kijijini kwetu, nilipata barua kwamba kaka yangu amefariki ugenini. Nikamwambia mama kwamba kaka yuko njiani. Akainuka, akaanza kula, akatenga na mchele wa kumpokelea. Nilifurahi. Wiki moja baadaye tulitaka kumpeleka hospitali, akakataa.

"Mwanangu, nikiondoka, kaka yako akija atamkuta nani?"

Neno lililomwinua kitandani ndilo lililomzuia mlangoni. Nilifungua kinywa, nikaona anavyonitazama, nikakifunga. Hakwenda. Tulimzika kabla ya masika.

Sisemi kwamba kumpa mtu tumaini ni dhambi. Dhuluma ya mashamba ya pamba ilikuwa ya kweli, na bila neno la kuwaunganisha, watu wale wangeendelea kupigwa mmoja mmoja. Wala simlaumu Kinjeketile kwa kukataa kulikana neno mbele ya adui. Huko gerezani maji yalikwisha mwagika. Ninayoitazama sana ni ile saa ya katikati, wenzake walipokuwa bado wanamwuliza, naye bado ana kinywa. Kuwaambia "ngojeni" hakukutosha. Walistahili kuijua shaka yake, kisha waamue wenyewe kama watapigana bila maji.

Huenda wangepigana vivyo hivyo. Huenda mama naye angelia siku tatu, kisha akakubali kwenda. Sitajua, kwa sababu sikumwachia achague.