Utii wa Mtu Mwenye Kwao Kuwili

Mtanzania mtu mzima akiapa kuwa raia wa Marekani, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humvua uraia wa kwao. Kwa miaka mingi wanadiaspora wameiomba serikali iibadilishe.

Je, utii kwa nchi haugawanyiki?

Kenya ilijibu katika Katiba ya 2010: Kifungu cha 16 kinamlinda raia wa kuzaliwa asipoteze uraia kwa kupata mwingine. Tanzania imechagua hadhi maalumu kwa wanadiaspora, inayolegeza masharti ya ardhi na ukaazi lakini hairudishi kura. Ni hatua, ila haitoshi. Anayemsomesha mdogo wake Tabora na kurudi kumzika baba yake hukohuko hajamsaliti mtu. Ugenini aliapa ili apate kazi. Serikali inayozipokea fedha zake imrudishie na kura yake.