Kisanduku Kisichopokea "Sijui"

Watu wengi ninaowasajili katika zahanati yetu, upande wa Balambala katika kaunti ya Garissa, wameandikwa kuwa walizaliwa Januari 1. Hawakuzaliwa siku hiyo. Wanajua wao, na tunajua sisi tunaowaandika. Lakini kisanduku cha tarehe kina nyota nyekundu, na penye nyota nyekundu programu haikupi njia ya kuendelea mpaka ujaze kitu. Swali langu ni la dini kabla halijawa la kompyuta: ushahidi huo wa uongo ni wa nani? Wa karani aliyebonyeza, au wa mbunifu aliyeziba njia nyingine zote?

Chukua bibi aliyemleta mjukuu wake kupimwa.

"Ayeeyo, huyu alizaliwa lini?"

"Deyr, mwanangu. Mvua ilikuwa imeshika, mto haujafika mashambani."

Huo ni ushahidi mzuri kabisa. Deyr ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na mtu wa Garissa akikutajia mafuriko ya El Niño ya 1997 au ukame wa 2011, amekupa mwaka. Skrini haina pa kuyapokea maneno hayo. Inataka siku, mwezi na mwaka, basi inaandikwa Januari 1 ya mwaka huo, na mtoto anaongezewa miezi kama kumi ambayo hajaiishi.

Miezi hiyo ina uzito. Msichana wa miezi 13 mwenye urefu wa sentimita 75 yuko sawa na wenzake kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani. Mwandike miezi 23, na urefu uleule unamfanya mtoto aliyedumaa vibaya. Chanjo ya surua, ambayo nchini Kenya hutolewa katika miezi 9 na tena 18, inaonekana imechelewa, na mama anakaripiwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Ndiyo maana naupenda utepe wa kupimia mkono. Ukimtambua tu mtoto kuwa kati ya miezi 6 na 59, hauna haja ya tarehe: chini ya milimita 115 ni nyekundu, na matibabu yanaanza.

Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ndefu kuliko zote katika Qurani, inahusu uandishi. Inazungumzia deni, lakini nimeisoma duksi, chuo chetu cha Qurani, tangu utoto na hunijia kila ninapowasha tableti. Katibu ameamrishwa aandike kwa uadilifu. Anayetoa imla ni mwenye deni mwenyewe, na asipoweza, msimamizi wake. Katibu hamtilii maneno mdomoni. Kisha aya inakataza katibu na shahidi wasidhuriwe. Mimi nalielewa katazo hilo hivi: kumlazimisha mwandishi aandike asichokijua ni kumdhuru, na mzigo wa kwanza ni wa aliyemlazimisha.

Wanazuoni wetu hawakuionea haya shaka. Wataalamu wa hadithi waliipa kila riwaya daraja lake, sahihi, hasan au dhaifu, na iliyo dhaifu wakaitaja kwa udhaifu wake. Imam Malik wa Madina husimuliwa kuwa aliletewa maswali mengi, na mengi akajibu kwamba hajui. Heshima yake haikupungua.

Wabunifu wana hoja, nayo ni ya kweli: kisanduku kikiachwa wazi, karani mvivu atakiruka. Faili tupu za namna hiyo nimeziona. Lakini kisanduku kitupu ni ukimya, hakuna aliyeshuhudia lolote. "Niliuliza, haijulikani" ni jibu, na aliyelitoa anaweza kuliapia.

Tena jambo hili linawezekana. OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa iliyoanza 2004 na ambayo juu yake imejengwa KenyaEMR, ina mahali pa kuweka alama kwamba tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria. Tatizo ni safari ya kwenda juu. Takwimu zinapojumlishwa kwa ajili ya mfumo wa taifa wa taarifa za afya, ambao tangu 2011 unatumia DHIS2, alama hiyo haipandi nazo. Nairobi inapokea namba safi, shaka inabaki Balambala.

Kwetu tunajua gharama ya rekodi inayoaminiwa kuliko mtu. Kuna Wakenya wa Garissa na Wajir ambao wazazi wao, kwa njaa ya ukame, waliwaandikisha utotoni katika kambi za Dadaab ili wapate chakula. Walipofika miaka 18 wakaomba kitambulisho, alama za vidole zikasema ni wakimbizi. Wazee walisimama kuwashuhudia, na mashine ndiyo iliyosadikiwa. Asiye na kitambulisho hutaabika hata kujisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Ninyi mnaobuni skrini hizi, njooni kwanza mketi nasi siku ya kliniki. Kisha ondoeni Januari 1. Tuwekeeni majira, tukio, na kitufe cha "haijulikani", na alama hiyo ifike hadi kwenye ripoti ya mwisho anayoisoma waziri.