Aliyekwenda Kusoma, Akafia Vitani



Ndugu zangu katika imani, nataka tufikiri pamoja juu ya swali lililotusumbua vijana kadhaa wiki nzima. Kijana anatoka Afrika Mashariki kwenda ng'ambo kusoma, kisha anakufa akiwa askari wa miguu katika vita visivyohusu nchi yake. Je, tuseme amedhulumiwa, au tuseme amedhulumu?

Kisa chenyewe ni cha jirani zetu. Nemes Tarimo, raia wa Tanzania, alikwenda Urusi mwaka 2020 kusomea shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja cha Moscow. Mwezi Machi 2022 alihukumiwa kifungo cha miaka 7. Akiwa gerezani alipewa nafasi ya kujiunga na kikundi cha Wagner, apigane Ukraine, na akirudi salama asamehewe kifungo. Alikubali. Aliuawa tarehe 24 Oktoba 2022. Mwezi Januari 2023 Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, Dkt. Stergomena Tax, aliutangazia umma habari hizo, na mwili ukarudishwa nyumbani kuzikwa.

Tulipolizungumza jambo hili hosteli, wenzangu waligawanyika. Wa kwanza walisema: kajitakia, alisaini kwa mkono wake. Wa pili walisema: mfungwa hana hiari, kwa hiyo hana lawama. Nimezipima kauli zote mbili, na naona kila moja inatupumzisha kabla hatujamaliza kufikiri.

Nianze na ile ya pili, kwa kuwa ina huruma na ndiyo iliyonivutia mwanzo. Wanazuoni wetu wa fiqhi wamelichambua sana suala la ikrahi, yaani kulazimishwa. Aliyetishiwa kuuawa anaruhusiwa kutamka neno la kufuru huku moyo wake umetulia katika imani, kama kilivyo kisa mashuhuri cha Ammar bin Yasir. Aliyebanwa na njaa anaruhusiwa kula nyamafu. Lakini wamekubaliana juu ya mpaka mmoja: kulazimishwa hakumhalalishii mtu kumwua asiye na hatia. Sababu yao ni nyepesi kueleweka. Nafsi yangu haina thamani kuliko nafsi ya mwingine, basi sina haki ya kuinunua kwa damu yake. Ikiwa hata tishio la kifo halitoshi, miaka 7 ya gereza, pamoja na uchungu wake wote, haiwezi kutosha. Katika handaki la upande wa pili alikuwamo mtu naye, ana mama, na hakuwa amemkosea kijana wa Kitanzania lolote.

Qur'ani yenyewe imeligusa jambo hili kwa karibu sana. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 97, wanatajwa watu waliofishwa na malaika hali wamejidhulumu nafsi zao. Wanapoulizwa walikuwa katika hali gani, wanajitetea kwamba walikuwa wanyonge katika nchi; wanajibiwa kuwa ardhi ya Mwenyezi Mungu ilikuwa pana, wangeweza kuhama. Ibn Abbas, kama ilivyopokewa na Bukhari, ameeleza kuwa walikuwa Waislamu waliotoka pamoja na jeshi la washirikina wakiongeza idadi yao, na mshale ukawapata humo. Kwa hiyo hata kule kujaza safu tu kuna hesabu yake.

Lakini tusiishie hapo. Aya inayofuata inawatoa wanyonge wa kweli, wasio na hila wala njia. Na katika habari za Badr, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia maswahaba kwamba wapo watu wa Bani Hashim waliotolewa kwa nguvu, akawakataza wasiwaue. Ami yake Abbas alipotekwa akadai kuwa alilazimishwa, hata hivyo alitakiwa kulipa fidia. Hapa naona mizani inayozikosoa kauli za hosteli zote mbili: unyonge unazingatiwa, na kitendo nacho kinahesabiwa. Nani hasa hakuwa na njia, hilo analijua Mola wake. Sisi hatukupewa daftari la kuhukumu roho ya marehemu.

Tulichopewa ni kuhukumu biashara yenyewe. Yevgeny Prigozhin, mkuu wa Wagner, alisema mwezi Mei 2023 kuwa alichukua wafungwa wapatao 50,000, na asilimia 20 wakauawa. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe: mmoja katika kila watano. Anayemwendea mtu aliyefungiwa mlango na kumwuzia ufunguo kwa bei hiyo, hawezi kujificha nyuma ya saini. Wale waliosema "kajitakia" wamemsahau huyu.

Sisi wa Kampala tusidhani haya ni mageni. Kilima cha Old Kampala tunachopanda kuswali Ijumaa ndicho alichojengea Lugard ngome yake mwaka 1890. Mwaka uliofuata aliwaleta askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa na Emin Pasha, wengi wao Waislamu, wawe nguvu ya Waingereza hapa. Walitumwa kupigana na watu wasiowajua, kwa mshahara mdogo uliocheleweshwa, hadi wakaasi mwaka 1897. Kizazi chao, Wanubi, ni ndugu zetu pale Bombo. Wageni wasio na kwao daima wamekuwa askari rahisi kununuliwa.

Ndiyo maana naona jibu la swali letu linaanza kabla ya vita. Wengi wetu tutamaliza chuo tukiwa na shahada na pasipoti, bila kazi. Matangazo ya ulinzi na ya kazi za nje yanatufikia kwenye simu kila siku. Usitie saini mkataba ulioandikwa kwa lugha usiyoisoma. Na kabla ya kuuliza mshahara, uliza: nitatakiwa kumfanya nini mtu mwingine?

Kwa jumuiya yetu nina pendekezo. Mtume ametuamrisha kumlisha mwenye njaa, kumtembelea mgonjwa na kumkomboa mateka. Tuna orodha ya wanaohudhuria darasa. Hatuna orodha ya wenzetu waliokwenda kusoma Moscow, Istanbul au Delhi. Tuitengeneze muhula huu. Apewe mtu mmoja jukumu la kuwapigia simu kila mwezi, na sehemu ya sadaka iwekwe kwa ajili ya wakili pindi mmoja wao atakapokamatwa. Mfungwa asiyetafutwa na ndugu zake atatafutwa na anayesajili askari, na huyo huwa amekuja na karatasi tayari kwa kusainiwa.

Mwenyezi Mungu awafariji waliofiwa, wa upande huu na wa upande ule, na atukinge na kumwaga damu isiyo halali. Wabillahi tawfiq.