Je, Mbwa wa Mawindo Atoshelezwa na Chakula?

Katika misitu ya Kongo, upande wa Ituri na Uele, yuko mbwa mdogo ambaye wawindaji wamjua tangu zamani. Kimo chake ni kadiri ya sentimeta 40, uzito wake kilo 10 au 11. Mkia umejikunja juu ya mgongo, na kipaji cha uso kina makunyanzi kama cha mzee mwenye mawazo mengi. Habweki kama mbwa wengine. Kwa hiyo bwana wake humfunga shingoni njuga ya mti, apate kujua alipo majanini. Naye huingia kichakani na kuwafukuza paa wadogo mpaka kwenye nyavu, ambako watu wawangoja.

Mwaka 1895 mbwa wawili wa namna hiyo walipelekwa Uingereza, wakafa upesi kwa ugonjwa. Wengine walionyeshwa London mwaka 1937, nao wakaishi na kuzaana. Wakapewa jina la Basenji, yaani washenzi, jina ambalo Mkongo hawezi kulisikia kwa furaha. Lakini mbwa hakujichagulia. Leo wazao wao wakaa katika nyumba za Ulaya na Marekani. Wana chakula, godoro na daktari. Hata hivyo, mara nyingi mwenye nyumba arudipo jioni kutoka kazini, hukuta mto umepasuliwa, viatu vimetafunwa, au mbwa amepanda ua na kutoroka. Ndipo alalamikapo: «Nimempa kila kitu, naye anilipa hivi!»

Ni nani aliyemkosea mwenzake?

Mtu aweza kujibu kwamba mnyama hana akili ya kudai neno lo lote. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba mwenye kuzoea kuwahurumia wanyama atakuwa mwepesi zaidi wa kuwahurumia watu. Fundisho hilo ni la kweli, lakini swali hili laendelea mbele yake, kwa maana mwenye nyumba huyo si mkatili; huruma anayo tele. Kosa lake liko katika fikira. Miguu ile, pua ile, masikio yale yaliyosimama, wanadamu waliyachagua kizazi kwa kizazi kwa ajili ya kazi moja. Aliyempenda mbwa kwa wepesi wake atamlaumuje kwa kuwa mwepesi?

Wala watu wa Kongo wasijisifu haraka. Waliokaa na Wambuti katika miaka ya 1950 waliandika kwamba mbwa wa mawindo walipigwa mateke tangu utoto. Kazi walikuwa nayo, upole waliukosa. Ng'ambo upole upo, kazi haipo. Mbwa mwenyewe angechagua lipi? Hakuna aliyemwuliza, na labda jibu lake lingewaaibisha wote wawili.

Huko Marekani wengine wametafuta njia. Mashine huvuta mfuko wa plastiki kwa kamba uwanjani, ukienda huku na huku kama sungura, na mbwa huufuata kwa nguvu zake zote. Wenye kucheka wasema kwamba huo ni udanganyifu. Lakini anayedanganywa hunyimwa kitu alichokitafuta. Mbwa wa Ituri naye hali paa mzima. Nyama ni ya watu, yeye hutupiwa masalio. Furaha yake ilikuwa katika mbio zenyewe, na mbio hizo uwanjani azipata, akarudi nyumbani akalala. Vivyo hivyo chakula kikifichwa pembeni mwa nyumba akitafute kwa pua yake, au akitembezwa saa nzima kabla ya jua kali. Kamba isisahauliwe, kwa maana akiona kitu kikimbiacho hasikii tena jina lake.

Ugumu wenyewe ni huu: godoro hununuliwa mara moja, lakini saa ya asubuhi hutolewa kila siku, hata siku ya mvua, ambayo Basenji mwenyewe aichukia mno. Naye aweza kuishi miaka 12 na zaidi. Baba wa nyumba atokaye alfajiri na kurudi usiku, ambaye watoto wake wataka tu kitu chenye manyoya cha kupapasa, afadhali afuge paka.