Iulizeni Namba Yenyewe

Wajukuu zangu, nikiwauliza jibu mmelipataje, mnanitajia mtu: mwalimu ndivyo alivyosema, au simu imeonyesha hivyo. Mwalimu mpeni heshima yake, lakini hesabu haijui cheo. Tazameni namba hii: 4,294,967,297.

Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukajumlisha 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, alizitazama namba za ukoo wa namba hii zilizoitangulia, ambamo kipeo huongezeka maradufu kila hatua: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tasa, hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Akaamini kwamba hii nayo ni tasa, na zote zitakazofuata. Tusimwonee, kwani alikiri kuwa uthibitisho hana. Ila jina lake lilikuwa kubwa na namba yenyewe ndefu, kwa hiyo kauli ikakaa miaka tisini hivi bila kuguswa.

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia barua Leonhard Euler, akamuuliza kama ana habari za kauli hiyo. Mwaka 1732 Euler, kijana wa miaka 25, akaja na jibu: namba hiyo inagawanyika kwa 641.

Aliipataje? Mwenye papara angejaribu namba tasa moja baada ya nyingine hadi 65,536, nazo ni zaidi ya 6,500. Euler baadaye alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Basi 3, 7, 11 na maelfu ya wenzao hamna haja ya kuwagusa. Mnaanza na 193, kisha 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Uvivu wa namna hii naupenda, uvivu wa mtu aliyefikiri kwanza.

Haya, shikeni penseli. 641 katika 4,294 inaingia mara 6, baki 448. Shusha 9: 4,489, mara 7, baki 2. Shusha 6, haitoshi, andika sifuri. Shusha 7, bado haitoshi, andika sifuri nyingine. Hapa ndipo wengi wenu mnapoanguka, mnaandika moja tu. Shusha 2: 2,672, mara 4, baki 108. Shusha 9: 1,089, mara 1, baki 448. Shusha 7 ya mwisho: 4,487, mara 7 kamili. Jibu ni 6,700,417, nayo ni tasa.

Hadi leo hakuna aliyepata tasa ya sita katika ukoo huo, wala aliyethibitisha kwamba haipo. Na mimi msiniamini hivi hivi: kabla ya kulala, zidisheni 6,700,417 kwa 641.