Ujira wa Msimamizi na Amana Yake



Yako masuala ambayo watu huyadharau kwa kuwa yawahusu wasiosikiwa barazani. Mojawapo ni hili alilotuuliza kijana wetu wa Pwani, baada ya sala ya adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, katikati ya mji wa Nairobi. Yeye ni msimamizi wa watu wanaofagia, kufua na kutandika vitanda katika nyumba za wageni huko Kilimani. Alisema: "Maalim, walio chini yangu hunipa shilingi mia mbili mia mbili ili niwapangie vyumba vya wageni wakarimu. Mimi siwaombi, wala sikatai. Je, fedha hizo ni halali?"

Kabla ya kumjibu tulimuuliza hesabu yake. Mshahara wake ni shilingi 22,000 kwa mwezi, na posho ya nyumba imo humo humo. Anaowasimamia amewazidi kwa shilingi 3,000 tu. Hukatwa asilimia 6 ya akiba ya uzeeni, asilimia 2.75 ya bima ya afya, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Jumla yake shilingi 2,255. Kodi ya chumba chake Kawangware ni 6,500, na nauli 3,200. Zinazobaki ni 10,045, nazo hazitimii shilingi 335 kwa siku, kwa vinywa vinne. Na hapo hajanunua dawa, hajalipa karo, wala hajampelekea mamake kitu huko Lamu.

Jawabu letu la kwanza ni wazi: fedha hizo si halali. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimkemea mtu aliyetumwa kukusanya zaka akarudi na kusema kuwa sehemu fulani amepewa yeye kuwa zawadi. Alimpa kipimo ambacho hata mtoto akifahamu: lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake, je, zawadi hiyo ingemfikia? Basi tukamwuliza kijana wetu: lau ungekuwa umekaa kwenu Lamu, yule mama mfagiaji angekuletea mia mbili zake? Akainamisha kichwa. Mama yule hatoi kwa mapenzi. Atoa kwa kuogopa kunyimwa. Na anayeathirika ni mwenzake asiye na cha kutoa.

Lakini tukikomea hapa tutakuwa tumesoma nusu ya mafundisho. Imepokewa pia kuwa Mtume alifundisha ya kwamba aliyepewa kazi ya Waislamu naye hana mke, apate mke. Hana mtumishi, apate mtumishi. Hana maskani, apate maskani. Na atakayechukua zaidi ya hapo amefanya khiyana. Tazama mpango wake: haja ya mtu hutimizwa kwanza, kisha ndipo hukamatwa kwa khiyana. Na Sayyidna Abubakar, alipokuwa khalifa, alitoka kwenda sokoni na nguo zake za kuuza, mpaka masahaba wakamzuia na kumkadiria posho ya kumtosha yeye na watu wake. Hawakumwambia: wewe ni mcha Mungu, utavumilia.

Twajua kuwa mifano hii ni ya watumishi wa umma. Lakini sababu yake ni moja: anayekabidhiwa haki za watu asiachwe na njaa akilinda chakula cha wengine.

Hapa tajiri atajibu: "Tulipatana, naye akaridhia. Tena nimezidisha kuliko sheria." Ni kweli kuwa kima cha chini cha mfagiaji wa Nairobi, kwa amri iliyoanza Novemba 2024, kilikuwa shilingi 16,113.75 bila ya posho ya nyumba. Lakini kuokoka mahakamani si kuokoka mbele ya Mola. Na ridhaa ya mwenye njaa ni ridhaa gani? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hata serikali ya Mwingereza, katika ripoti ya kamati ya Carpenter ya mwaka 1954, iliambiwa kuwa mishahara ya Waafrika ilipimwa kwa haja ya mwanamume mseja, ilhali wengi walikuwa na wake na watoto. Je, sisi wenye Kitabu tuendelee kupima kwa kibaba kile kile?

Hatusemi tajiri atoe asichokuwa nacho. Kama biashara ni dhaifu, na aseme kweli na aonyeshe hesabu. Lakini asimpe mtu jina la usimamizi badala ya riziki, kisha ashangae akisikia kuwa jina lile linauzwa. Na yapo mambo yasiyohitaji mali nyingi: vyumba vigawanywe kwa zamu iliyoandikwa, bakhshishi za wageni ziwekwe katika sanduku moja na zigawanywe sawa, mshahara ulipwe kwa siku yake bila kumzungusha mtu.

Tulimwamuru kijana atubu, na awarudishie wenyewe alichochukua, japo kidogo kidogo. Alikubali. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini: "Na watoto wangu kesho wale nini, Maalim?"

Hatukuwa na fat-wa ya kumjibu, kwa sababu swali hilo halikuwa letu peke yetu. Ni la aliyemwajiri. Na katika nyinyi msomao hapa, wamo wenye nyumba za wageni Mombasa, Malindi na Lamu, na kila nyumba ina msimamizi wake. Basi twawapelekea swali hili. Kila mmoja na alijibu mwisho wa mwezi huu, atakapoketi kuhesabu mishahara.

Wabillahi tawfiq.